Kiroba cha Usiku: Uadilifu na Rehema katika Ukanda wa Dhahabu



Katika machimbo yetu watu wenye kusali husema: riziki ni ya Mungu, na Mungu ni mwingi wa rehema. Nusu ya kwanza humfariji aliyekosa. Nusu ya pili mara nyingi hutamkwa na aliyepata kwa njia asiyotaka kuieleza. Mimi naamini nusu zote mbili, na kwa sababu naziamini, nimekuja kuitetea rehema dhidi ya wanaoipanga kwenye bajeti ya dhambi.

Tuanze duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia. Mawe yakipandishwa juu hutiwa kwenye viroba, viroba vikagawanywa: vya mwenye leseni, vya mwenye duara, vya wachimbaji. Mgawo ni makubaliano ya mdomo mara nyingi, na kiroba kimoja kikihamishwa usiku kabla ya mgao hakuna karatasi itakayokilalamikia. Kutoka hapo mawe huenda kwenye karasha, mashine ya kusagia, yakasagwa na kuoshwa. Zebaki hunasa dhahabu, kisha huchomwa. Lakini sehemu kubwa ya dhahabu hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na marudio kwa kawaida huachwa kwa mwenye karasha, ambaye baadaye huyachenjua kwa sayanaidi. Kijana aliyekesha shimoni hajui ameacha kiasi gani pale. Mwisho kuna mzani wa mnunuzi, na gramu ni kitu kidogo mno kwa macho ya mtu mwenye njaa.

Tazameni basi safari hiyo. Katika kila kituo yupo mtu anayejua zaidi ya mwenzake, na hakuna askari anayeweza kusimama ndani ya ujuzi huo. Serikali imefanya sehemu yake. Mwaka 2019 iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huohuo soko la madini likafunguliwa Geita, ambako muuzaji huona mzani na bei kwa macho yake. Naipongeza hatua hiyo, maana sheria nzito kupita kiasi humfanya mwaminifu aonekane mjinga. Ila soko hupokea dhahabu iliyokwisha kuchenjuliwa. Kiroba cha usiku halikiulizi.

Kwa nini mtu anayemwomba Mungu asubuhi huhamisha kiroba usiku? Jibu la haraka ni tamaa. Mimi naona hofu: hofu kwamba Mungu akiachiwa peke yake hatatoa cha kutosha. Na hofu hiyo ikiachwa ikue, tunajua inakofika, kwa sababu ilifika hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, kwa kuwa waganga waliwaaminisha wasaka utajiri kwamba viungo vya binadamu huita dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Watoto wengine wenye ualbino walikimbiziwa Shule ya Buhangija, hapahapa mjini Shinyanga, wakakua mbali na mama zao ili wabaki hai.

Sisemi kwamba mwizi wa kiroba na muuaji ni sawa. Nasema wameanzia mlango mmoja: wote wamekataa kwamba riziki hutolewa, wakaamua kuinyang'anya kwa mwili au jasho la mwingine. Kumwamini Mungu mwenye rehema ni kuacha matokeo mikononi mwake, ili mikono yako iwe huru kufanya haki. Ndiyo maana mtu anayeitegemea rehema kweli anaweza kumudu kuwa mwaminifu hata msimu ambao duara halitoi kitu.

Na nani huitegemea kweli? Nawakumbuka wachimbaji wa Nyangarata, Kahama. Oktoba 2015 shimo liliwafunika. Baada ya siku 41 watano walitolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji ya matope. Hao walitegemea rehema pale nguvu zao zilipokoma, na rehema ikawafikia kwa mikono ya binadamu wenzao. Anayebeba kiroba cha mwenziwe huku akijiahidi kutubu Jumapili au Ijumaa hategemei chochote. Anapanga ratiba.

Hapa nawageukia viongozi wa dini, nami nasema kwa heshima. Mwenye duara anapoleta mabati ya kanisa au saruji ya msikiti wakati vijana wake hawajalipwa, mwulizeni kwanza habari za vijana. Zakayo wa Injili hakuishia kumkaribisha Bwana nyumbani. Alisema atawarudishia mara nne aliowapunja. Na wanazuoni wa Kiislamu wamefundisha siku zote kwamba toba ya kudhulumu haki ya mtu haitimii mpaka haki imrudie mwenyewe au yeye asamehe. Sadaka haiwezi kumrusha mdaiwa juu ya kichwa cha mdai.

Najua swali litakalofuata, maana wachimbaji huniuliza. Mzee fulani mwenye duara amewadhulumu vijana wake miaka mingi. Vijana wale walihama na rashi, yaani mbio za kufuata dhahabu mpya, wengine wamefika machimbo ya Chunya, wengine wamefukiwa, na majina yao hakuyashika. Atamrudishia nani? Namjibu hivi: awatafute wanaotafutika, alipe. Kwa wasiopatikana, warithi wao wapewe. Wasipojulikana, atoe mali ile kwa maskini kwa niaba yao, wala asijihesabie thawabu ya sadaka, kwa kuwa haikuwa yake. Atakapomaliza, bado litabaki deni asiloweza kulifikia: usingizi wa wenzake, shule ambayo mtoto wa fulani hakwenda, afya iliyoliwa na moshi wa zebaki. Hilo hana wa kumlipa. Hilo ndilo alipeleke kwa Mungu, na aombe rehema bila woga, kwa kuwa sasa anaomba kwa ajili ya kile tu kisicho mikononi mwake.