MCHUMBA WA NG'AMBO YA MPAKA
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana, Tunduma)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), naomba niingie moja kwa moja katika mada niliyopewa, nayo ni uchumba baina ya watu wa nchi mbili wanaoishi mbalimbali. Kwingineko mada hii ingeonekana ya watu wachache, lakini hapa Tunduma ni ya kila mtaa. Mpaka huu ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na Wanyamwanga wakajikuta wengine upande huu na wengine upande wa Nakonde, ilhali lugha yao ni moja na koo ni zile zile. Kijana huvuka asubuhi kufuata bidhaa na adhuhuri amekwisharudi. Akimpenda binti wa huko haoni kwamba amempenda mgeni. Ugeni huo ataujua siku atakapotaka kuishi naye.

Kijana mmoja alinijia baada ya sala ya Isha. Alikuwa amemchumbia binti Mzambia kwa miaka mitatu. Binti huyo alizoea kupita njia za panya na kufikia kwa shangazi yake hapa mjini, na mara moja alikamatwa. Kijana akaniomba nimwandikie barua kwamba nimewaozesha, apate kuipeleka kwenye ofisi za serikali. Akasema, "Sheikh, ni karatasi tu." Nilikataa. Karatasi hiyo ingenifanya mimi mwongo, ingemfanya yeye mwongo, na ingemtaja baba wa binti kuwa walii wa ndoa ambayo hakuisikia. Tena kughushi hati ni kosa la jinai. Nikamwuliza, "Kwa nini basi usioe kweli?" Akainamisha kichwa. Baba yake hataki mkwe Mzambia.

Ndugu zangu, yapasa tuijue sheria ilivyo, maana vijana wetu wanadanganyana vijiweni. Mzambia huingia Tanzania bila viza, na Mtanzania vivyo hivyo kwa Zambia, mradi awe na hati ya kusafiria na apite pale kituoni, ambapo tangu mwaka 2019 taratibu za kutoka na za kuingia hufanyika mahali pamoja. Lakini muhuri anaogongewa ni wa matembezi na una idadi ya siku. Siku hizo zikipita, huyo ni mkosaji hata kama amelala kwa shangazi yake.

Kwa kuishi, kinachofungua mlango katika nchi zetu mbili ni ndoa. Mke wa Mtanzania huombewa hati ya utegemezi. Kwa hati hiyo ataishi na mumewe, ila hawezi kuajiriwa bila kibali cha kazi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Zambia nayo, katika sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 2010, ina kibali cha mwenzi wa ndoa. Uraia ni jambo jingine kabisa. Sheria yetu ya mwaka 1995 inamruhusu mke wa kigeni kuomba uraia wakati mumewe yu hai. Mume wa kigeni hakupewa mlango huo, na mabinti zetu wanaoposwa na Wazambia walijue hilo mapema. Zambia, kwa katiba iliyorekebishwa mwaka 2016, humruhusu mwenzi wa raia, mume au mke, kuomba baada ya ndoa ya miaka mitano, tena inakubali uraia wa nchi mbili. Tanzania haikubali. Basi anayeuchukua wa kule ajue anaacha wa huku.

Wapo wanaosema, "Tukikaa miaka miwili sheria inatuhesabu mke na mume." Wanaitaja nusu sheria ya ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inataja dhana tu, inayoweza kupingwa mahakamani, nayo inawahusu waliokaa pamoja na kujulikana na watu hivyo. Ninyi mnaoishi mmoja Nakonde na mwingine Tunduma hata dhana hiyo hamnayo. Na sisi Waislamu hatuhitaji kumsubiri hakimu atuambie kwamba kukaa pamoja bila nikahi ni zinaa.

Nchi za mbali zina viza ya mchumba. Marekani humtaka mchumba wa raia wake aoe au aolewe ndani ya siku 90 baada ya kuingia, na wawili hao wawe wamekwisha kuonana ana kwa ana katika miaka miwili iliyotangulia, isipokuwa desturi thabiti za jamii yao ziwe zinakataza. Uingereza hutoa miezi sita, bila ruhusa ya kufanya kazi. Hapa kuna mtego kwa Waislamu. Nikahi iliyofungwa Tanzania ni ndoa kamili kisheria, hata kama hamjaisajili. Aliyekwisha funga nikahi kisha akajiandika "mchumba" amesema uwongo, na uwongo huo unaweza kumfungia mlango kwa miaka mingi.

Umbali haujawahi kuwa kizuizi cha nikahi. Bibi Umm Habiba alikuwa Uhabeshi na Mtume (s.a.w.) alikuwa Madina. Mfalme Najashi alisimama kwa niaba ya Mtume, Khalid bin Said akawa wakili wa Bibi, na mahari akaitoa Najashi mwenyewe. Bahari ilikuwa katikati. Sisi katikati yetu kuna geti!

Wazee wangu, hili nawaambia kwa heshima: wengi wa vijana hawa hawakukwama kwa Uhamiaji. Wamekwama sebuleni kwetu. Tunanunua mahindi ya Zambia, tunapokea kwacha zao, na binti yao tunamwita mtu wa nje.

Nilikwenda kwa baba wa kijana yule mara tatu. Mara ya kwanza hakunikaribisha hata maji. Mara ya tatu alivaa kanzu yake, tukavuka pamoja, na kumbe katika umri wake wote alikuwa hajaingia Nakonde ila sokoni. Baba wa binti alitupokea vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Miaka mitatu mlikuwa wapi?" Mwenzangu hakuwa na jibu, akaomba radhi.

Nikahi itafungwa hapa Tunduma ili cheti kitoke kwa msajili wa Tanzania, na walii atavuka kuja kwetu. Taarifa ya siku 21 inayotakiwa na sheria imekwisha kupelekwa.