Msamaha wa Madeni Uanze Kwetu

Mwaka 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba Jubilei Kuu ya mwaka 2000 iwe nafasi ya kupunguza madeni ya nchi maskini. Mwaka 2001 Tanzania ilipata nafuu hiyo, na fedha zikaelekezwa katika shule za msingi.

Lakini hapa Kibamba wapo wanaochukua mkopo wa “kausha damu” ili kulipa mkopo mwingine. Kumbukumbu la Torati (24:6) inakataza kuweka rehani jiwe la kusagia, maana ndilo uhai wa mtu. Basi tunawasihi wakopeshaji: msibebe sufuria za mama lishe wala cherehani ya fundi. Nasi tulipe deni la zamani kabla ya kutwaa jipya. Na jumuiya ndogo ndogo ziwe na mfuko wa kuwakwamua walionaswa.