Simu Vijijini: Nani Alipe Gharama ya Umbali?



Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Dumila, mahali panapochepuka njia ya kwenda Kilosa na Mikumi. Reli ya Kati haipiti hapo. Hupita Kilosa mjini. Tofauti hiyo ndogo katika ramani inaeleza sehemu kubwa ya historia ya simu nchini.

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Waya haufiki mahali popote pasipo mtu wa kuugharimia. Mwaka 1879 Waingereza walitandaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani wakaunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam. Barani, waya ulifuata maboma na reli, iliyofika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Shabaha ya mkoloni haikuwa kumwezesha mkulima wa Kilosa kuzungumza na nduguye aliyeko Tabora. Shabaha yake ilikuwa kupeleka amri na kusafirisha mali.

Mwaka 1933 huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya uongozi mmoja. Kwa Mkataba wa mwaka 1967, makao makuu ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki yalihamishiwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake yenyewe, likarithi mtandao uliojengwa kwa ajili ya miji na stesheni.

Wako wanaodai kwamba kampuni za watu binafsi zingevifikia vijiji mapema zaidi, na mfano wao ni Marekani. Mfano huo utazamwe wote. Baada ya haki za uvumbuzi za Bell kwisha mwaka 1893 na 1894, wakulima wa huko waliona kwamba kampuni kubwa hazina haja nao. Wakaunda kampuni ndogo na vyama vya ushirika. Wengine wakatumia hata seng'enge za mashamba yao kuwa waya wa simu. Hata hivyo kazi haikukamilika, na mwaka 1949 serikali yao ilitunga sheria ya kutoa mikopo ya simu za vijijini. Basi hata katika nchi ile ya mabepari, soko peke yake halikumfikia mkulima.

Mwaka 1984 tume iliyoongozwa na Donald Maitland ilieleza kwamba robo tatu ya simu zote duniani zilikuwa katika nchi tisa tu, na kwamba jiji la Tokyo lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Mwaka 1985 mkutano wa dunia juu ya jambo hilo ulifanyika hapa hapa Tanzania, mjini Arusha.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, nazo zimefanya kazi ambayo waya haukuiweza. Lakini hesabu ya mfanyabiashara haikubadilika: mnara husimama penye wateja wengi. Ndiyo maana mwaka 2006 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili watoa huduma wachangie na fedha hizo ziwe ruzuku ya kupeleka mawasiliano pasipo na faida. Mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713.

Jambo hili si la anasa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikumba Kilosa na kuiharibu reli. Januari 2014 maji yalikata barabara kuu hapo Dumila. Reli na barabara zinapokatika, ujumbe wa mtu aliyeko juu mlimani, anayeona mto ukifura, ndio unaoweza kuwaokoa walioko bondeni. Akikosa mtandao, maji yatafika kabla ya habari.

Hapo ndipo wajibu wa walimu na watumishi wa umma unapoanza. Kata ikipata mnara mmoja, huandikwa kwamba imefikiwa. Lakini mawimbi ya redio huzuiwa na vilima, na shule iliyo nyuma ya kilima inaweza kubaki kimya ingawa kata yake imo katika orodha. Mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji wanavijua vitongoji hivyo kwa majina. Waviandike, wavifikishe kwenye halmashauri, na wadai majibu. Orodha inayotengenezwa mjini bila wao itahesabu minara tu, na mwananchi wa kitongoji kile ataendelea kupanda kilima ili apate kuzungumza.