Kumwuliza Mkandarasi Cheti si Kumtukana

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Ndugu wapendwa, wajumbe wa Halmashauri ya Walei na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo,

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiihudumia, tulikusudia kujenga madarasa mawili ya chekechea. Waamini walichanga mahindi, mbuzi, na fedha zilizofunguliwa kutoka katika pindo za khanga. Akaja mtu mmoja, msemaji mzuri, aliyeletwa na mwenzetu na kusali nasi Jumapili. Alituonyesha hati ya kuandikisha jina la kampuni, leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi. Tuliona mihuri, tukaridhika, tukamlipa nusu ya fedha. Kuta zilipofika kwenye linta zikapasuka, naye akatoweka. Tulipokwenda kuulizia ndipo tulipojua kwamba hakuwahi kusajiliwa kuwa mkandarasi.

Alitudanganya, ni kweli. Lakini nasi tulijidanganya. Mjane mmoja aliyetoa kuku wake wawili alituuliza neno moja tu: "Baba, kwani hamkumwuliza?" Hatukuwa na jibu.

1. Karatasi zote si sawa

Leseni ya biashara humruhusu mtu kufanya biashara, na namba ya mlipa kodi humtambulisha kwa wakusanya kodi. Hakuna kati ya hizo inayothibitisha kwamba anaweza kujenga. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyo chini ya Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Kwa sheria hiyo, kufanya kazi za ukandarasi bila kusajiliwa ni kosa. Tena Bodi husajili kwa aina ya kazi: wa majengo ni mbali, wa umeme ni mbali. Makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja, la kwanza likiwa la juu na la saba la chini, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi.

2. Mambo manne ya kuuliza

Kwanza, tuombe cheti cha usajili, kisha tukilinganishe na orodha ya Bodi yenyewe, katika ofisi zake au katika tovuti yake. Cheti kinachoonyeshwa na mwenyewe ni maneno yake tu mpaka Bodi ikithibitishe.

Pili, tuangalie kama aina na daraja vinalingana na kazi yetu. Aliyesajiliwa kwa umeme hajasajiliwa kujenga ukumbi.

Tatu, tuhakikishe kwamba usajili ungali hai. Aliyesajiliwa zamani huenda amefutwa au amesimamishwa.

Nne, tujue mtu tunayezungumza naye ni nani katika kampuni hiyo. Wako wanaoazima cheti cha mwingine; jina ni la mmoja, na mikono inayochanganya zege ni ya mwingine kabisa. Mkataba utiwe sahihi na mwenye mamlaka, na malipo yaingie katika akaunti ya kampuni.

Haya yote yatangulie shilingi ya kwanza.

3. Kwa nini ni jambo la haki

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Hatusemi kwamba kila jengo huanguka kwa kukosa usajili, wala cheti peke yake hakishikilii ukuta. Lakini aliyesajiliwa anayo Bodi ya kumwajibisha na jina analoogopa kulipoteza. Asiyesajiliwa huzima simu, basi.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Tuangalie vizuri: agizo hilo linamhusu mwenye nyumba. Nasi tunaosimamia mali ya jumuiya ndio wenye nyumba.

4. Kizuizi ni aibu

Kinachotuzuia mara nyingi si ujinga bali haya. Twasema, "Ni mwenzetu, ameletwa na katekista; tukimdai cheti tutamvunjia heshima." Ndugu, kuuliza si ujinga, wala si uadui. Mkandarasi mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana amegharimika kupata cheti chake, na matapeli humnyang'anya kazi. Anayekasirika amekwisha kutujibu.

Madarasa yale tulibomoa tukaanza upya, kwa michango ya watu wale wale. Mjane yule alitoa tena. Tusimdai mara ya tatu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika ujenzi wa mwisho wa kigango chetu, nani alihakiki usajili wa mkandarasi, na kwa njia gani?
2. Ni nani kati yetu tutakayemkabidhi kazi hiyo kabla ya ujenzi ujao?
3. Tufanye nini ili undugu usiwe kisingizio cha kutouliza?