Kabla ya kuingia msitu wa Epping

(Mazungumzo na familia zetu za Edmonton kabla ya matembezi ya Oktoba)



Nianze na jambo ambalo baadhi yenu mliniambia pembeni: neno msitu lenyewe linawakaa vibaya. Nawaelewa. Kwetu sisi tuliotoka Kivu, tukavuka ziwa na kukulia kambi ya Nyarugusu, msitu ulikuwa mahali pa kujificha. Baadaye ukawa mahali pa kuokota kuni, mama akaondoka alfajiri na nyumbani hakuna anayetulia mpaka arudi. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuingia. Kwa hiyo asiyetaka kuja asibembelezwe, hata na mumewe. Na anayekuja ajue kwamba akitaka kurudi katikati ya njia, mmoja wetu atarudi naye mpaka stesheni, bila maswali.

Ndiyo maana mpango wenyewe naupanga kuanzia mwisho. Saa saba mchana tunageuka, tuwe tumefika tulikokusudia au hatujafika. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani, na siku zinafupika: ikifika Desemba jua litakuwa linazama hata kabla ya saa kumi alasiri. Kila familia imwachie mtu aliye nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Ikifika saa kumi na mbili jioni hajasikia kitu, anipigie mimi.

Kutoka Edmonton Green tunapanda treni ya Overground hadi Hackney Downs, tunabadilisha hapo, kisha tunakwenda Chingford, kituo cha mwisho. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima. Ijumaa jioni tuangalie kama treni zinatembea, maana wikendi hupenda kufunga reli kwa matengenezo. Kuingia msituni hakuna tiketi. Tangu sheria ya mwaka 1878 unatunzwa na City of London kwa ajili ya watu wote, na watu wote ni pamoja na sisi.

Karibu na stesheni mtaona jumba la mbao lililojengwa mwaka 1543 kwa ajili ya Mfalme Henry wa Nane, ili watu wakae juu watazame uwindaji. Mbele kidogo kuna ziwa dogo, Connaught Water, lenye njia tambarare ya kulizunguka. Bibi, wajawazito na wenye vigari vya watoto wanaweza kubaki hapo wakala maandazi yao, na watakuwa wametembea vya kutosha. Wengine tutaendelea kuelekea High Beach. Msitegemee majabali ya mlimani. Kinachoangusha watu huko ni mizizi, changarawe kwenye miteremko, na udongo wa mfinyanzi ukilowa. Kiatu chenye soli iliyolika kiacheni nyumbani. Buti za duka la mitumba zinatosha, ila zivaeni siku kadhaa kabla.

Vaeni suruali ndefu, mchomeke ndani ya soksi, kwa sababu ya kupe. Jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole. Usimpake mafuta wala kumchoma. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaosambaa, mpigie daktari wa familia umwambie ulikwenda msituni.

Sasa uyoga. Najua mtautamani, Oktoba upo mwingi. Kuuchuma Epping ni kosa kisheria, na aina nyingine zinafanana na za kwetu lakini zinaua. Moto hakuna, kuni hazikatwi. Ajabu ni kwamba miti mingi mikubwa huko ina umbo la ajabu, shina nene na matawi yaliyojazana juu, kwa sababu kwa karne nyingi maskini wa vijiji vya jirani waliikata matawi kwa ajili ya kuni. Watu wa Loughton waliipigania haki hiyo hadi wengine wakafungwa. Ilipofutwa walilipwa fidia, na sehemu yake ilijenga ukumbi ambao mpaka leo unaitwa Lopping Hall. Waonyesheni watoto miti hiyo.

Mtakutana na mbwa wasiofungwa kamba, na pengine ng'ombe wa pembe ndefu bila mchungaji. Hawajapotea: wana vifaa shingoni vinavyoonyesha walipo. Mtu mwenye sare ni mlinzi wa msitu. Kazi yake si uhamiaji, msimkimbie. Msalimieni.

Simu ziwe na chaji, na ramani ipakuliwe nyumbani, maana mtandao hukatika. Namba 999 hupigika hata bila salio.

Majina niyapate kabla ya Alhamisi, na mniandikie nani atabaki ziwani na nani ataendelea, nijue tunahitaji viongozi wangapi.