Dawa ya Huzuni na Dawa ya Miti

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Lodwar na Kakuma)

Leo tuongee jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Wako ndugu zetu wenye ugonjwa wa huzuni nzito. Usingizi hauji, chakula hakipiti, kazi imemshinda mtu, na wala si uvivu. Akienda hospitali anaweza kupewa vidonge kama amitriptilini au fluoksetini.

Vidonge hivi si kama vya kichwa, kwamba umeze asubuhi, saa sita umepona. Nafuu huanza kuonekana baada ya majuma mawili mpaka manne. Hapo katikati ndipo tunapoharibu. Anayemeza amitriptilini mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu. Nyanya anamwambia, "Chukua echuchuka, iko hapo nyuma ya boma." Kweli, utomvu wake mchungu hufungua tumbo, sikatai. Lakini kuhara siku nyingi katika joto hili letu kunamaliza maji na chumvi za mwili. Amitriptilini yenyewe inaweza kugusa mapigo ya moyo, na chumvi hizo zikipungua hatari inazidi.

Kuna pia dawa za miti za pakiti. Kakuma, ambako kambi ilianza 1992, wengi wana ndugu ng'ambo, na pakiti kama hizo zinaweza kufika pamoja na zawadi. Moja inaitwa St John's wort, ua la manjano ambalo Ulaya hutumiwa kwa huzuni hii hii. Ukiimeza pamoja na fluoksetini, ni kama umezidisha dawa: jasho, kutetemeka, moyo mbio, homa, kuchanganyikiwa. Hapa kwetu watasema ni malaria, au jua. Tena inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za ukimwi na vidonge vya kupanga uzazi.

Na miraa, jamani, si ni majani pia? Inafukuza usingizi, inakimbiza moyo, na ikiisha mwilini yule mwenye huzuni anazama zaidi.

Sisemi emuron ni mwongo. Kinachoumiza watu ni kuficha. Mgonjwa alikaripiwa siku moja kliniki kwa sababu ya mizizi, basi hasemi tena. Mwingine anaacha vidonge ghafla ili "apishe" dawa ya miti, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, usiku mzima macho. Vidonge huachwa pole pole, kwa mpango wa daktari.

Kikundi kinaweza kumchagua mtu mmoja, mwenye kufunga mdomo, amsindikize mgonjwa. Wabebe kila kitu anachotumia, jani lenyewe, pakiti, chupa, na kukiweka mezani mbele ya daktari. Ile michanganyiko ya mizizi ndani ya chupa ya soda isiyo na jina, hiyo hakuna daktari atakayeitambua kwa macho. Iache kwanza.

Na mtu akichanganya, kisha aanze kutetemeka na kupata homa, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, pamoja na chupa zake.