Usalama wa Wachukuzi Katika Bandari ya Mombasa

Leo tunaitazama bandari ya jirani zetu wa Kenya, ile ya Kilindini mjini Mombasa. Shehena inayoteremshwa pale haiishii Kenya; husafirishwa hadi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Kwa desturi, bandari hiyo ikitajwa hutajwa tani na makontena. Leo tutataja mikono na miguu ya wanaoipakua shehena hiyo.

Katika maghala na majukwaa ya kupakilia malori, mashine iliyozoeleka mno ni foklifti, yaani lile gari dogo lenye meno mawili mbele. Kwa kuwa ni dogo na huenda polepole, watu hulidharau. Kumbe foklifti ya kunyanyua tani 3 yenyewe huzidi tani 4 kwa uzito, maana nyuma yake hushindiliwa chuma cha kusawazisha mzigo. Tena huongozwa kwa magurudumu ya nyuma. Likikata kona, mkia ndio unaotoka nje, na mtu aliyesimama kando akidhani gari limekwisha kumpita hubanwa ukutani. Mzigo ukimziba macho, dereva hupaswa kwenda kinyumenyume. Lakini nani atafanya hivyo huku msimamizi anamhimiza? Akikata kona mzigo ukiwa juu, gari hupinduka. Hapo hofu humwambia aruke, na akiruka, lile paa la chuma lililowekwa kumlinda ndilo linalomwangukia. Dereva aliyefundishwa hujifunga mkanda, hubaki kitini, na hushikilia usukani kwa nguvu.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Lori huondoka jukwaani hali foklifti bado inaingia na kutoka ndani yake. Gogo chini ya gurudumu, na ufunguo wa lori mkononi mwa mtunza ghala, vingetosha kuizuia. Askari aliyewahi kutumika katika bohari ya jeshi anajua kwamba gari haliondoki pasipo amri ya mtu mmoja anayejulikana. Katika maghala ya bandari huenda dereva wa lori ana tajiri wake, wa foklifti ana wake, na kibarua ameajiriwa asubuhi ile ile na mtu wa tatu. Basi amri itatoka kwa nani?

Serikali ya Kenya haikulala. Mwaka 2007 zilipitishwa sheria mbili, moja ya usalama na afya kazini, na nyingine ya mafao ya wanaoumia kazini. Ya kwanza humtaka mwajiri atoe taarifa ya kifo ndani ya saa 24. Ya pili humlazimu kukata bima, na aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi amewekewa mapato ya miezi 96. Kwetu Tanzania Bara njia iliyochaguliwa ni nyingine: tangu mwaka 2015 waajiri huchangia mfuko mmoja wa umma.

Lakini sheria hiyo ya mafao ilipingwa na chama cha mawakili, kwa kuwa ilimtaka majeruhi aanzie kwa Mkurugenzi serikalini, si mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitengua baadhi ya vifungu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi. Mahakama ya Juu ikakata shauri Desemba 2019 kwa kuiunga mkono sheria. Miaka kumi! Mawakili walikuwa na hoja zao. Ila aliyekatwa mguu mwaka 2010 hakuwa na hakika agonge mlango upi.

Hivi sasa mlango unajulikana. Hata hivyo kibarua wa siku moja mara nyingi hana karatasi ya kuonyesha alikuwa akimfanyia nani kazi. Askari polisi huweza kufika mahali pa ajali kabla ya mkaguzi wa kazi. Akiandika jina la mwajiri, saa, namba ya mashine, kama mzigo ulikuwa juu au chini, na majina ya walioona, kabla mashine haijaondolewa na sakafu haijaoshwa, huenda maneno hayo machache yakawa ndiyo ushahidi pekee atakaokuwa nao mke wa kibarua yule siku atakapokwenda kudai.